Kuchagua Kabla ya Mtihani: Wanakiswahili Wako Wapi?

Kahawa Wendani ni mtaa ulio jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wapangaji wake wengi ni wanafunzi. Si ajabu kumkuta mwanafunzi wa Kiswahili katika ploti moja na mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 9. Wawili hao hupishana ngazini kila asubuhi, wakasalimiana na kila mmoja akashika njia yake. Mwezi Juni 2025, wazazi kama huyo walikuwa na swali zito, nao walioweza kuwasaidia kulijibu walikuwa mlango wa pili.

Mwezi huo wanafunzi wa Gredi ya 9 walitakiwa kuchagua shule 12 za sekondari pevu pamoja na mkondo wa masomo. Mikondo yenyewe ni mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi ya Jamii; na Sanaa na Michezo. Uchaguzi huo ulifanywa miezi kadhaa kabla ya mtihani wa KJSEA. Kwa hivyo, mtoto wa miaka 14 au 15 aliamua aelekee wapi kabla hajayajua matokeo yake.

Jambo hili si geni nchini Kenya. Enzi za Bodi ya Pamoja ya Udahili, JAB, watahiniwa wa KCSE walijaza fomu za kozi za vyuo vikuu kabla ya kufanya mtihani. Wengi walitanguliza Udaktari, Sheria na Uhandisi, kisha wakajaza nafasi za mwisho mradi zisibaki wazi. Hapana mhadhiri wa Kiswahili asiyemfahamu mwanafunzi aliyefika idarani kwa nafasi hizo za mwisho. Ukimuuliza mwanafunzi huyo kwa nini anasoma Kiswahili, atajibu kwamba "aliitwa". Baadhi yao walikuja kukipenda na kubobea, lakini wengine walihesabu siku tu hadi mahafali.

Kasoro kubwa ya uchaguzi wa mapema ni kwamba watu huchagua jina. Katika kaunti ya Kiambu pekee kuna Mang'u na Alliance, na ni mzazi gani asiyetamani mwanawe avae sare ya mojawapo? Kutamani shule bora si kosa. Hata hivyo, jina la shule halimwelezi mzazi ni masomo gani mtoto atakayoyasoma humo. Kiswahili kimebaki somo la lazima katika sekondari pevu, isipokuwa kwa wanaosoma Lugha ya Ishara ya Kenya badala yake. Fasihi ya Kiswahili, kwa upande mwingine, ni somo la kuchaguliwa katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Mtoto anayependa ushairi na tamthilia, akiingia mkondo mwingine kwa kufuata sifa za shule, huenda akaiacha fasihi hiyo bila kujua kwamba ameiacha.

Wapo watakaosema kwamba ulazima wa Kiswahili unatosha kukilinda. Hoja hii haina mashiko. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na bado idara zake zikapokea wanafunzi wa chaguo la mwisho. Ulazima huzaa watahiniwa. Wataalamu huzaliwa na hiari.

Wajibu huu basi ni wa vyama vya Kiswahili vyuoni. Kila msimu wa uchaguzi, wanachama wanaoishi Wendani, Ruiru na Thika waombe nafasi katika shule za sekondari msingi zilizo karibu, wakae na wazazi na watoto, na kuwaeleza kila mkondo unafungua mlango gani. Wasiende kama wachuuzi. Taifa linahitaji wahandisi, na mtoto mwenye kipawa cha hisabati asishawishiwe kukiacha. Aidha, waseme ukweli wote: kwamba walimu wengi waliohitimu husubiri miaka kabla ya kuajiriwa na TSC, lakini pia kwamba kuna kazi za tafsiri, ukalimani, uhariri na utangazaji, na kwamba Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022.

Waliochagua mwaka 2025 waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wanatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Idara zinazolalamika kila mwaka kwamba hupokea wasioitaka lugha hii zijiulize zilikuwa wapi mtoto alipokuwa akichagua. Mwanafunzi wa Wendani naye, akikutana na jirani yake ngazini, asiishie kwenye salamu. Amuulize habari za mtoto.