Asili ya Misemo ya Kiingereza

Ajuaye maana ya kila neno hajawa bado mjuzi wa lugha. Barua ikisema kwamba mkaguzi "turned a blind eye" wizi ulipotendeka ghalani, naye karani akafasiri kuwa mkaguzi huyo ana jicho bovu, shutuma imegeuka kuwa huruma, na mkosaji ameokoka. Kila msemo una chimbuko lake, na alijuaye chimbuko hapotei njia upesi.

Maana ya msemo huo ni kujifanya hukuona jambo uliloliona. Huhusishwa na Nelson, jemadari wa manowari za Uingereza, aliyepoteza nuru ya jicho la kuume vitani katika kisiwa cha Corsica mwaka 1794. Tarehe 2 Aprili 1801, katika mapigano ya Copenhagen, mkuu wake Sir Hyde Parker alimwashiria kwa bendera aache kupigana. Husimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho lile pofu, akasema haoni ishara yo yote, akaendelea hata akashinda.

"Red tape" ni utepe mwekundu. Kwa karne kadhaa hati za serikali na za mahakama huko Uingereza zilifungwa kwa utepe wa namna hiyo, na mwenye shauri akangoja ufunguliwe, ufungwe, kisha ufunguliwe tena. Katika karne ya 19 waandishi Thomas Carlyle na Charles Dickens waliutumia msemo huo kwa kejeli, na hata leo maana yake ni taratibu za ofisi zinazochelewesha kazi bure.

Mkulima naye ana wake: "Make hay while the sun shines." Methali hiyo, kwa maneno yaliyo karibu na hayo, imo katika mkusanyo wa John Heywood wa mwaka 1546. Huko Uingereza majani hukatwa wakati wa joto, yakaanikwa juani, yawe akiba ya ng'ombe katika majira ya baridi. Yakirundikwa yangali mabichi huoza, na pengine hupata moto yenyewe hata yakawaka. Mswahili asema, "Udongo uwahi ungali maji." Mmoja ahimizwa na jua, mwingine na maji, lakini onyo ni moja.

Basi mfasiri mwema hafuati neno kwa neno. Huuliza kwanza: msemo huu ulizaliwa katika kazi gani?