Gia Zinapofundishwa Upya: Istilahi Zitafutwe Gereji

Mjadala kuhusu istilahi za teknolojia katika Kiswahili umezoea kufanyika ukumbini. Ni nadra kushuka hadi kwenye gereji za jua kali za Kawangware na Kibera, ambako kazi hufanywa kwa Kiswahili na Sheng kuanzia asubuhi hadi jioni. Gharama ya kutoshuka huko hailipwi na wasomi.

Mathalani, mwenye teksi ana gari la gia za otomatiki. Kompyuta inayotawala gia imeharibika, naye ananunua nyingine iliyokwisha kutumika. Inafungwa, gari linawaka, lakini linashtuka kila gia inapobadilika. Anaambiwa kwamba giaboksi imekufa, anunue nyingine.

Yamkini haijafa. Kompyuta hiyo hupokea habari za mwendo na joto la mafuta, kisha huziamuru vali zinazopeleka shinikizo la mafuta kwenye klachi za ndani. Kadiri klachi zinavyochakaa, nayo hujirekebisha na kuhifadhi vipimo vyake. Iliyo mpya haina vipimo hivyo. Iliyotoka katika gari jingine huja na vipimo vya giaboksi nyingine. Kwa hiyo programu yake sharti ilingane na gari, vipimo vya zamani vifutwe kwa mashine ya uchunguzi, na mafuta yawe katika kiwango na joto linalotakiwa. Kisha, katika magari mengi, gari huendeshwa taratibu likipita gia zote na kusimama mara kadhaa, ili kompyuta ijifunze upya. Utaratibu hutofautiana kwa aina ya gari. Hatua hii ikirukwa, klachi zaweza kuteleza na kuungua. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Je, kazi hii iitweje? 'Kurekebisha' ni neno pana mno. Hata kunyoosha bamba lililobonyea ni kurekebisha. 'Kusawazisha' humpeleka msikilizaji kwenye magurudumu. 'Kufundisha gia upya' kunaeleza kitendo chenyewe, na mwenye gari huelewa bila kufasiriwa. Aidha, fundi na kufundisha ni maneno ya ukoo mmoja. Lugha ilikuwa imeandaa jina kabla mashine haijafika.

Wapo watakaodai kwamba mafundi wanaelewana tayari kwa maneno ya Kiingereza. Huenda wao wanaelewana, je, mteja? Asiyejua jina la kazi hawezi kuidai wala kuuliza iwapo imefanywa. Hali kadhalika, kijana anayejifunza kwa kutazama huiga mikono ya mwalimu wake bila kujua sababu.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya. Urasmi huo haujatimia iwapo unakomea nje ya boneti. Yafaa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viwatume wanachama wao gereji na daftari, wakusanye maneno yanayotumika, wapendekeze yanayokosekana, kisha wayarudishe kwa mafundi wale wale wayapime. Neno litakalokataliwa Kawangware lisiingizwe kamusini kwa sababu tu limepigiwa makofi ukumbini.