Kabla ya TP, Mtazameni J.K. Simmons

Ukilitaja jina la J.K. Simmons kantini, wengi watakuangalia tu. Lakini ukisema "yule mhariri wa gazeti kwenye Spider-Man, mzee wa sigara na masharubu anayefoka muda wote", meza nzima itaitikia. Sasa ongeza kwamba ndiye huyohuyo mwalimu wa muziki kwenye Whiplash, yule mwenye upara na fulana nyeusi. Hapo lazima atokee wa kubisha.

Ubishi huo ndio sifa yake. Simmons siyo stelingi. Ni katika wale waigizaji wanaoingia kwenye muvi kwa dakika chache, wanafanya kazi yao, wanaondoka, na wewe unabaki unakumbuka walichofanya bila kujua wanaitwa nani. Mimi nasoma Elimu, na muda si mrefu wengi wetu kitivoni tutatawanyika mikoani kwa mazoezi ya kufundisha. Nasema hivi: mtu anayekwenda kusimama mbele ya Kidato cha Pili chenye wanafunzi themanini ana cha kujifunza kwa huyu mzee. Na somo lenyewe siyo lile ambalo wengi wetu tumelibeba kutoka Whiplash.

Kwanza tumjue mtu. Alizaliwa mwaka 1955 jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki, naye mwenyewe akasomea muziki Chuo Kikuu cha Montana. Alianzia jukwaani, akiimba na kuigiza kwa miaka mingi hadi akafika Broadway kule New York. Televisheni ilimtambua akiwa tayari amevuka miaka 40. Mwaka 1997 alianza kuonekana kwenye Oz, tamthilia ya gerezani, akiwa Vern Schillinger, kiongozi wa genge la wafungwa wabaguzi wa rangi. Ukatili wa yule bwana sitausimulia hapa. Kipindi hichohicho, kwenye Law & Order, alikuwa Dokta Emil Skoda, mtaalamu wa magonjwa ya akili, mtulivu, mwenye maneno machache, anayewasaidia polisi na waendesha mashtaka. Upara ni uleule na sauti ni ileile, ila ukibadili chaneli unakutana na binadamu mwingine kabisa.

Mwaka 2002 akaja na J. Jonah Jameson wa Spider-Man, na dunia ikacheka. Mwaka 2007 akawa baba wa binti wa miaka 16 aliyepata mimba, kwenye vichekesho vya Juno. Mwaka 2008, kwenye Burn After Reading, akawa bosi wa CIA anayeletewa ripoti asizozielewa hata kidogo, na ule uso wake mkavu ukavunja watu mbavu. Kisha mwaka 2014 ikaja Whiplash, na Februari 2015 akachukua Oscar ya mwigizaji msaidizi. Alikuwa na miaka 60. Hakulala wala kustaafu baada ya hapo: akacheza watu wawili wenye sura moja kwenye Counterpart, akatoa sauti ya Omni-Man kwenye katuni ya Invincible, akateuliwa tena Oscar kwa Being the Ricardos.

Sasa turudi kwetu. Kila TP ikikaribia, kuna mawaidha yanazunguka hosteli. Usicheke nao mwezi wa kwanza. Ingia na fimbo hata kama hutaitumia. Mtafute mmoja mbishi, mfanye mfano, wengine watanyooka. Kizazi chetu kimeyaongezea ushahidi wa video: vipande vya Terence Fletcher vinawekwa status ya WhatsApp, chini yake maneno kwamba mwalimu wa kweli ni yule anayekusukuma mpaka uvunjike. Nimeona hata wenzangu wa kozi wakiweka.

Ambao hamjaiona, mnisamehe, lazima niseme yaliyomo. Fletcher anaongoza bendi ya jazi katika chuo cha muziki. Andrew ni mpiga dramu wa mwaka wa kwanza. Fletcher anamrushia kiti. Anampiga vibao vya uso huku akimtaka aseme kama alitangulia mdundo au alichelewa. Anamtukana mbele ya bendi nzima. Mwisho wa muvi Andrew anapiga dramu kwa namna ambayo hata asiyejua jazi anasimama, na hapo mashabiki wa Fletcher wanasema: si mnaona? Dawa imefanya kazi.

Mimi nawaomba mrudi nyuma mpaka kwenye sini ya mpiga tromboni. Wengi huiruka kwa sababu haina dramu. Fletcher anasimamisha bendi, anasema kuna mtu anapiga nje ya sauti. Anamwendea kijana mmoja mnene, anamwinamia usoni, anamuuliza kama ni yeye. Kijana anatetemeka, machozi yanamlenga, mwishowe anakubali kwamba ni yeye. Anafukuzwa. Akishatoka, Fletcher anawaambia waliobaki kwamba siyo yule aliyekosea, ni mwingine, amekaa palepale. Ila yule wa kwanza hakujua kama yuko sawa au hayuko sawa, na hilo kwake linatosha kumfukuza.

Ndugu zangu wa Elimu, itazameni hiyo sini kwa jicho la somo letu la upimaji na tathmini. Mwalimu ameuliza swali. Mwanafunzi ametoa jibu lisilo la kweli kwa sababu ya woga. Aliyekosea kweli amenyamaza, pia kwa sababu ya woga. Hapo kipimo kimekufa. Fletcher ana bahati ya sikio la ajabu, anajua mwenye kosa bila kuambiwa. Wewe na mimi, kwenye hesabu za sehemu au sarufi ya Kiingereza, hatuna sikio hilo. Tunategemea mtoto anyooshe mkono aseme "mwalimu, hapa sijaelewa." Darasa likishaogopa, ukiuliza "mmeelewa?" linajibu "ndiyooo" kwa sauti moja, na wewe unakwenda kujaza kwenye andalio lako la somo kwamba lengo limefikiwa.

Fletcher ana hadithi anayoipenda. Anasimulia kwamba Charlie Parker, bingwa wa saksafoni, akiwa kijana alirushiwa simbali na mpiga dramu Jo Jones, nusura imkate kichwa, na ndiyo maana akawa Charlie Parker. Kisa hicho kipo kweli, cha miaka ya 1930 kule Kansas City, ila simbali yenyewe iliangushwa sakafuni karibu na miguu ya kijana, kumwambia muda wake jukwaani umekwisha. Ilikuwa fedheha, siyo jaribio la kumtoa roho. Na kilichomjenga Parker ni mazoezi aliyokwenda kuyafanya baadaye. Mwalimu wetu amekiongezea kisa chumvi ili kimtetee. Muvi pia inatuonyesha mwanafunzi wake wa zamani, Sean Casey, ambaye Fletcher anaiambia bendi kwamba alikufa kwa ajali ya gari. Baadaye tunajua alijinyonga. Hao wanaoweka status hawamweki Sean Casey.

Lakini sijaja kuhubiri kwamba mwalimu mpole ndiye mzuri. Hapa ndipo Simmons anaponisaidia kuliko kitabu chochote cha saikolojia ya elimu, kwa sababu amecheza pande zote, na ukiziweka kazi zake pamoja unaona kitu.

Mtazame Fletcher anapokuwa mpole. Wakati wa mapumziko ya mazoezi anamchukua Andrew pembeni, anamuuliza taratibu kuhusu wazazi wake, mama yuko wapi, baba anafanya nini, anamwambia asiwe na wasiwasi. Unampenda. Dakika chache baadaye yale majibu yote anayageuza kuwa matusi mbele ya watu. Upole wake ulikuwa mtego.

Sasa mtazame Jameson. Huyu hajawahi kusema neno kwa sauti ya kawaida. Anafoka, anafukuza, anapunja, anaajiri upya kabla sigara haijazimika. Lakini Green Goblin anapomkaba koo na kumtaka amtaje anayempigia picha za Spider-Man, Jameson anadanganya kwamba hamjui, picha zinakuja kwa posta. Peter alikuwa naye humo ofisini muda mfupi tu uliopita. Mzee wa kelele anahatarisha shingo yake kwa ajili ya kijana anayempunja kila siku.

Na mtazame baba wa Juno. Binti anakaa sebuleni na kusema ana mimba. Baba hapigi kelele, wala hajifanyi kwamba ni habari njema. Anamwambia wazi kwamba alimtegemea awe na akili zaidi ya hapo. Lakini siku ya kwenda kuonana na mke na mume wanaotaka kumlea mtoto, anasema atakwenda naye, asije akadhulumiwa.

Nionavyo, kinachomfanya mwalimu siyo kiwango cha sauti. Ni kilicho chini ya sauti. Jameson na Fletcher wanafoka kwa pumzi ileile ya Simmons, na mtazamaji anamcheka mmoja na kumwogopa mwingine, kwa sababu anahisi nani yuko upande wa kijana na nani hayuko. Wanafunzi nao wanahisi. Mtoto wa Kidato cha Kwanza hajasoma saikolojia, lakini wiki ya pili tu anajua mwalimu yupi anafoka ili nielewe na yupi anafoka ili nimwogope.

Nilipokuwa sekondari tulikuwa na mwalimu wa hisabati ambaye akikanyaga veranda, darasa lilikuwa kimya kama usiku. Sifa yake ilikuwa kwamba ndivyo alivyoumbwa, ni mkali wa asili. Siku moja wakaja wathibiti ubora wa shule, wakakaa nyuma ya darasa. Yule mwalimu akaingia anatabasamu. Akatuita kwa majina. Mwenzetu mmoja akakosea ubaoni, akamwambia "umejaribu vizuri, hebu tuangalie mstari wa pili," na mstari wa pili tukauelewa, wengi wetu kwa mara ya kwanza. Wageni wakaondoka, kesho yake fimbo ikarudi. Kumbe aliweza siku zote. Ukali haukuwa tabia wala damu. Ilikuwa ni nafasi aliyoichagua kuigiza, na sisi hatukuwa watazamaji wa kuchezewa ile nyingine.

Najua nitajibiwa nini. Watu watasema huko Marekani bendi ina watu kumi na kitu, njoo ufundishe themanini kwenye madawati ya watoto hamsini, bila vitabu vya kutosha, jua la saa nane, uone kama Juno itakusaidia. Hoja hiyo ni ya kweli, siidharau. Darasa kubwa linahitaji mamlaka, na mwalimu asiyejua kupandisha sauti atamezwa wiki ya kwanza. Ila Simmons hakatai ukali. Anauweza kuliko sisi sote. Tofauti ni kwamba anao mwingine pembeni. Mwigizaji mwenye sura moja anachosha muvi ya pili. Mwalimu mwenye sura moja anachosha kuanzia Jumatano. Na idadi ya wanafunzi inaongeza uzito wa lile jambo la kipimo: ukiwa na themanini huwezi kumfuata kila mmoja dawatini, kwa hiyo unahitaji zaidi wawe huru kusema walipokwama.

Kwa hiyo tufanye mazoezi kama wanavyofanya waigizaji. Kwenye mazoezi ya kufundishana hapa chuoni, tunapimana maandalio, zana na muda. Sauti hatuigusi, labda msimamizi aseme haikufika nyuma. Mimi ningependa kila mmoja wetu afundishe somo lilelile mara tatu kabla ya kuondoka: mara moja kwa ukali, mara moja kwa utani, mara moja kwa utulivu, na wenzake wamwambie ukweli ni wapi walitaka kunyoosha mkono na ni wapi walitamani kengele ilie. Tujifunze kukemea kosa kwa nguvu zote bila kumgusa aliyekosea. Tujifunze kuchekesha bila mtoto wa mtu kuwa ndiye kichekesho. Haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji chumba cha mhadhara kilicho wazi jioni na marafiki wanne wasioonea aibu.

Simmons alikuwa na mwalimu wa muziki nyumbani maisha yake yote ya utoto, na bado aliweza kutuonyesha mwalimu wa muziki wa kutisha kuliko wote. Alipomaliza kurekodi, alimwacha pale na kwenda kucheza mtu mwingine. Sisi tutakayemwigiza darasani hataishia kwenye skrini. Atakaa na wale watoto themanini mpaka mtihani wa taifa, na pengine mmoja wao, miaka saba ijayo, atakuwa kwenye hosteli hii hii akimshauri mwenzake namna ya kuingia darasani siku ya kwanza.