Alunguli: "Hatuna studio" si sababu ya kumnyamazisha mpiga besi

KINDU – Katika komini ya Alunguli, ukingo wa kuume wa mto Lualaba, mtu akipita karibu na kanisa siku ya mazoezi ya korali, sauti ya kwanza kumfikia barabarani si ya waimbaji. Ni besi. Inapita ukuta, inapita ua, inamfikia kabla ya maneno ya wimbo. Lakini wimbo uleule ukisharekodiwa na kusambazwa kwenye simu za watu, besi ile haimo tena. Iliyomo ni besi ya kinanda, imepigwa kwa kidole kimoja na fundi wa studio ambaye hajawahi kukaa hata siku moja kwenye mazoezi ya korali hiyo.

Mpiga besi anausikia wimbo kwenye simu ya jirani. Anatambua kila kitu, isipokuwa mkono wake mwenyewe.

Wakubwa wa vikundi wakiulizwa sababu, jibu ni moja: "Alunguli hatuna studio." Jibu hilo limezoeleka mpaka hakuna anayelipima tena. Lipimwe leo. Kati ya vyombo vyote vya orkestra, gitaa ya besi ndiyo inayohitaji studio kidogo kuliko vyote. Ngoma zinataka chumba na maikrofoni nyingi. Sauti ya mwimbaji inataka utulivu. Besi ya umeme inataka waya mmoja tu.

Kila mtu anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kikundi kinachanga pesa miezi kadhaa. Siku ikifika, watu wanavuka mto kwa pirogi, na gitaa mapajani, kwenda upande wa Kasuku na Mikelenge. Studio inalipwa kwa saa. Saa ya kwanza inaliwa na umeme unaokatika, ya pili na waimbaji wanaokosea. Zamu ya besi ikifika, pesa zimekwisha. Fundi anasema: "Acheni, nitaiweka na kinanda." Mkubwa wa kikundi anakubali, kwa sababu jua linazama na pirogi ya kurudi inangoja. Mpiga besi anarudi Alunguli na gitaa ambayo haikutoka kwenye mfuko.

Wanaotetea desturi hii wana sababu tatu: hakuna chumba, hakuna umeme, hakuna pesa. Zichukuliwe moja moja.

Kwanza chumba. Wanasema nyumba za Alunguli zina manjanja juu, mvua ikinyesha hakuna anayemsikia mwenzake, tena kuna majogoo, watoto na redio ya jirani. Ni kweli, na ndiyo maana hakuna anayeshauri kurekodi sauti ya mwimbaji humo. Lakini besi ikiunganishwa kwa waya moja kwa moja hadi kwenye kisanduku cha sauti, kile mafundi wanachokiita "carte son", na kutoka hapo hadi kwenye kompyuta, hakuna maikrofoni hata moja iliyo wazi. Mvua ipige, jogoo awike, wimbo haujui. Mtu anaweza kupiga usiku wa manane, ampli ikiwa imezimwa, anasikiliza kwenye kaske za masikio, na mtoto aliyelala chumba kilekile asiamke.

Na hii si njia ya maskini peke yake. Kampuni ya Motown, ya Detroit huko Marekani, ilianza kurekodi katika nyumba ya kawaida ya kuishi iliyonunuliwa mwaka 1959. Humo James Jamerson, mmoja wa wapiga besi wanaoheshimiwa zaidi duniani, alikuwa akichomeka gitaa yake moja kwa moja kwenye meza ya sauti. Dunia nzima ilicheza besi hiyo ya waya.

Pili umeme. Kwa nani Kindu umeme si taabu? Lakini kompyuta ndogo ina betri, simu ina betri. Tena kwa kazi hii betri ni bora kuliko jenereta: chaja ikichomolewa, ule mvumo wa "mmmm" unaoharibu rekodi nyingi mara nyingi unatoweka wenyewe. Kompyuta ijazwe mchana kwa sola au penye jenereta, kazi ifanyike jioni. Saa moja ya betri inatosha kurekodi besi ya nyimbo mbili kwa mtu aliyefanya mazoezi.

Wakongo wenyewe wamekwisha kuonyesha njia. Staff Benda Bilili, wanamuziki walemavu wa Kinshasa, walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya mwaka 2009 nje, kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa, kwa maikrofoni na kompyuta ndogo. Hata kabla ya hapo, mwaka 1952, Hugh Tracey alifika Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na mashine ya kubeba, akamrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. Mwenda hakungoja kwanza ajengewe studio. Kazi hizo zimebaki.

Tatu pesa. Hapa ndipo ukweli unapouma. Gitaa tayari ipo, ya mtu mwenyewe au ya kanisa. Programu ya Audacity ni ya bure. BandLab inafanya kazi kwenye simu, nayo ni ya bure. Kinachobaki ni waya mzuri, kaske, na kile kisanduku. Visanduku vya bei ya chini, kwa mfano vya Behringer, vinauzwa nje ya nchi kwa dola zisizofika 100. Vikifika Kindu kwa ndege bei inapanda, hilo linaeleweka. Lakini kisanduku kimoja kinaweza kutumiwa na korali tano kwa miaka. Vikundi vinavyolia kwamba havina pesa hiyo ndivyo vinavyoshona sare mpya kwa ajili ya video moja, na kukodi gari la kuonyesha kwenye video hiyo, gari ambalo halimhusu yeyote kati yao. Pesa ipo. Besi ndiyo haimo kwenye hesabu.

Wako wanaosema: "Watu wanasikiliza kwenye simu, na simu haitoi besi. Kwa nini kujisumbua?" Ni kweli kwamba waya mnene wa besi, mi, unatikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuutoa mtikisiko huo. Lakini sauti ya besi haina mtikisiko mmoja. Juu yake kuna mingine midogo, kuna kidole kinachogusa waya, kuna kunyamaza kabla ya sebene. Sikio linafuata hayo na kujazia linalokosekana. Kisha wimbo huohuo unapigwa kwenye baa, kwenye harusi, kwenye spika kubwa za kanisa. Huko kila mtu atasikia kama ni mtu aliyepiga au kidole cha kinanda.

Kurekodi nyumbani kunataka nidhamu lakini. Nyaya ziwe safi. Asiye na pesa ya nyaya mpya anaweza kuzichemsha za zamani kwenye maji, uchafu utoke, zikauke, na zitalia vizuri siku chache. Gitaa ipangwe sauti kabla ya kila wimbo: mi, la, re, sol. Waya uingie kwenye tundu la gitaa, sio la maikrofoni, la sivyo sauti itatoka nyembamba. Mpigaji ajisikilize kupitia kisanduku chenyewe, sio kupitia kompyuta, maana kompyuta inachelewesha sauti na mkono unapotea. Kipimo cha sauti kisiguse mwisho; kikicheza kati ya −12 na −6 panatosha, kwa sababu besi iliyopasuka haitengenezeki tena. Apige juu ya metronomu na sauti ya kuongoza ambayo studio au mwimbaji amempa, na rekodi yake ianzie pale pale sauti hiyo inapoanzia, ili fundi asitafute mahali pa kuibandika.

Kazi ikiisha, itolewe kwa WAV, sio MP3. Wimbo wa dakika tano, kwa biti 24 na kipimo cha 44,100, una karibu megabaiti 40. Uingie kwenye flashi, au utumwe kwa WhatsApp kama dokima, sio kama sauti ya kawaida, maana WhatsApp inaibana sauti na kuipunguza. Flashi ndiyo ivuke mto. Haina nauli ya mzigo, na saa ya studio haianzi kuhesabiwa kwa sababu yake.

Mafundi wa studio wasione vita hapa. Sauti za waimbaji, ngoma na kazi ya kuchanganya yote bado ni zao, na mjuzi wa kuchanganya anastahili malipo yake. Fundi mwaminifu atafurahi kupokea besi iliyo tayari. Anayekataa kuipokea aulizwe sababu mbele ya kikundi kizima.

Wapiga besi nao wasijifiche. Wako wanaofika studio bila kujua wimbo, wanaotafuta noti huku saa ya watu inakwenda. Kwa mpigaji wa namna hiyo, kinanda ni adhabu ya haki. Nyumbani anaweza kukosea mara ishirini bila kumlipisha mtu. Asipotumia nafasi hiyo, asiseme kwamba alionewa.

Desemba 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kati ya urithi wa binadamu wote. Hotuba zilitolewa, vifua vikatanuka. Lakini rumba iliyosifiwa ilijengwa na watu wenye mikono, kama Decca Mpudi wa OK Jazz na Lofombo wa Empire Bakuba. Hata huko Motown, Jamerson alipiga miaka mingi bila jina lake kuandikwa kwenye jalada la sahani, mpaka mwaka 1971. Alunguli imefika pabaya kuliko hapo: jina halimo, na mkono nao haumo. Kijana wa miaka 15 anayejifunza besi leo anasikia kinanda kwenye kila wimbo wa mtaa wake. Atamwiga nani? Na kwa nini ajifunze chombo ambacho hakimpi nafasi wala malipo siku ya kurekodi?

Basi wakubwa wa korali na wa vikundi vya Alunguli wana jambo moja la kufanya kabla ya kuchanga pesa za wimbo ujao. Wanunue kisanduku kimoja kwa pamoja, wakiweke kwa mtu mmoja mwaminifu, na waandike kwenye daftari zamu ya kila kikundi. Na siku fundi atakaposema "nitaiweka na kinanda", flashi iwe tayari mfukoni.