Eti "hadhi ya mtaa"... mtaa wa nani?

Najua nimepotea. Mitihani imetubana hapa Mlimani na bumu limekata kabla mwezi haujaisha. Leo nilitaka niandike juu ya foleni ya kafeteria, lakini kuna jambo linanichoma tangu semina ya Jumanne. Acha nilitoe.

Tulikuwa tunajadili makazi ya mijini. Mshikaji wangu mmoja akasimama akasema Kariakoo ivunjwe yote yajengwe maghorofa, manake ghorofa ndiyo maendeleo. Dada mmoja anayekaa Masaki akamjibu kwamba huko kwao maghorofa ya fleti yanaharibu hadhi ya mtaa, serikali iyapige marufuku. Darasa likagawanyika, kila upande ukampigia makofi mtu wake. Mimi nikabaki najiuliza, mbona hakuna hata mmoja aliyemtaja mpangaji?

Tuanze na hiyo "hadhi ya mtaa". Neno tamu, lakini historia yake chafu. Wakati wa mkoloni Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu, kila moja na masharti yake ya ujenzi. Ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili biashara na Wahindi, ya tatu, Kariakoo ikiwemo, ndiyo ya wenyeji. Kwenye karatasi masharti yalizungumzia aina ya nyumba tu, siyo rangi ya mtu. Lakini nani hakujua maana yake? Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati ili tusikaribiane. Sasa leo mtu akiniambia kiwanja kikubwa na nyumba moja ndiyo hadhi, naona kitasa ni kile kile, ila siku hizi kinafunguliwa kwa pesa.

Kwa hiyo dada yangu wa Masaki, fleti zije tu. Uliza maji taka yataenda wapi, magari yatalala wapi, jirani atabakiwa na hewa kiasi gani. Hayo ni maswali ya haki. "Hadhi" siyo swali.

Ila na wewe mshikaji wa maendeleo usicheke, zamu yako imefika.

Nyumba ya Kiswahili pale Kariakoo mnaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma ua wenye jiko na choo, mbele baraza. Mama yangu mdogo alipanga chumba kimoja humo miaka 11. Cherehani yake ilikaa barazani, wateja wote wa mtaa ule. Mwaka jana mwenye nyumba akaingia ubia na tajiri mmoja. Mnajua unavyokwenda ubia wa pale: huyu anatoa kiwanja, yule anatoa pesa, jengo likisimama wanagawana ghorofa. Taarifa ikaja kwa mdomo siku ya Ijumaa, mwezi mmoja mtoke. Alikuwa na kodi ya miezi minne aliyokwishalipa, akarudishiwa ya miwili. Leo yuko Chanika. Cherehani anayo, wateja hana.

Tangu 2008 tuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo. Mimi siipingi hata kidogo, ni sheria ya maana. Unanunua fleti yako kwa hati yako, ngazi na paa mnamiliki kwa pamoja na wenzako. Safi. Lakini angalieni mgao wa ule ubia: mwenye kiwanja kapata ghorofa zake, tajiri zake, mnunuzi fleti yake. Aliyelala pale miaka 11 kapata nini? Hata ngazi hana.

Na hizo fleti zenyewe, nendeni mkaangalie. Chini maduka, juu mnaambiwa makazi, ukipanda unakuta marobota ya nguo mpaka dirishani. Stoo! Tumemtoa mtu tukaingiza mzigo, halafu tunaita maendeleo ya makazi.

Halafu kuna usalama. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, likaua zaidi ya watu 30. Tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka lingine Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafa. Jirani wa ghorofa naye ana roho. Kwa nini asijue mapema linalopanda ubavuni kwake?

Msije mkasema nalalamika tu, nina hoja tatu. Moja, kabla nyumba ya wapangaji haijageuzwa fleti, bango libandikwe mlangoni kwa Kiswahili kinachosomeka, ghorofa ngapi na kwa matumizi gani, na mpangaji awe na haki ya kuweka pingamizi kama mwenye kiwanja jirani. Mbili, wakitudai kodi ya miezi sita mbele, nao watupe notisi ya miezi sita mbele, na kodi iliyobaki irudi yote. Tatu, fleti iliyopewa kibali cha makazi ilale watu. Ikigeuka stoo, mwenyewe apigwe faini itakayomuuma.

Kuta za udongo mtavunja, sina neno. Sura ya mtaa kwangu ni yule fundi wa barazani anayejua watoto wote kwa majina, na mkeka wa futari uani wakati wa Ramadhani. Mkitunga sheria ya kulinda sura ya mtaa bila kumlinda huyo fundi, mmelinda picha.

Wenzangu wa mipango miji, nyie ndio mtakaokuwa mnagonga mihuri miaka mitano ijayo. Nawaomba mkumbuke cherehani ya mama mdogo.

Maoni ruksa. Hoja nataka, matusi peleka hosteli kwenu. Ngoja nirudi kwenye madesa, kesho nina paper saa mbili.