Upepo wa mvua ya kwanza



Hapa Kaniama tunajua namna mwaka wetu unavyogeuka. Kipwa kinaingia mwezi wa tano, na karibu na mwezi wa tisa mawingu yanarudi. Lakini mvua ya kwanza haiji peke yake. Vumbi linainuka njiani, mabati yanalia, tunakimbia kutoa nguo kwenye kamba, ndipo matone yanaanguka. Ni dakika chache tu, na zinatosha kulaza chini kazi ya miezi miwili.

Mama mmoja wa kikundi alituuliza: "Kwa nini kusumbuka na maua? Maua hayapikwi na bukari." Tulicheka, kisha tukamjibu. Boga linaanza kama ua. Bamia, nyanya, maharagi na marakuja vile vile. Ua likianguka mapema, hakuna tunda. Kwa hiyo anayelinda maua ya lupango wake analinda pia sufuria yake.

Nasi tulijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja tulitaka kukinga marakuja na maua yetu. Tukasimamisha mabati ya zamani upande upepo unakotoka, tukafurahi. Dhoruba ilipokuja, upepo ulipanda juu ya mabati, ukaanguka nyuma yake kwa kuzunguka-zunguka, ukavunja mashina tuliyofikiri yamejificha. Bati moja likang'oka, likakata marakuja karibu na mizizi. Dakika chache mbele watoto walikuwa wanacheza pale pale. Tulinyamaza wote. Tangu siku ile hatuweki tena bati kukinga bustani.

Kinga nzuri haizuii upepo wote, inaupunguza nguvu. Ua wa fito au matete, wenye nafasi karibu nusu yake, ni bora kuliko ukuta. Ua wa mita moja na nusu unaweza kusaidia mimea hata mita 10 au 15 nyuma yake, lakini iliyo karibu zaidi ndiyo inayofaidika sana. Ua wa mimea hai ni bora tena: mchaichai kwa chini, hibiskasi au muhogo kwa juu. Na sombe tutachuma papo hapo! Kujua upepo unatoka wapi, angalieni migomba: majani yamepasuka zaidi upande gani?

Mambo mengine tunayofanya ni haya:

Kwanza, kijiti kiwekwe mapema, mmea ukingali mdogo. Kijiti kikichomekwa wakati mmea umekwisha kukua, kinakata mizizi. Kisimame upande upepo unakotoka, ili mmea usisuguliwe kwa nguvu juu yake.

Pili, kufunga. Msitumie waya wala kamba nyembamba, vinakata shina. Chaneni kikwembe kilichozeeka, au tumieni nyuzi za mgomba. Zungusheni kwenye kijiti, pitisheni katikati, kisha shina, mfano wa tarakimu 8. Musikaze. Shina linalotikisika kidogo linakuwa gumu. Lililobanwa kabisa linabaki dhaifu.

Tatu, pandisheni udongo kwenye shina na kufunika na majani makavu, lakini majani yasiguse shina. Mwagilieni maji mengi mara chache kuliko maji kidogo kila siku, ili mizizi ishuke chini. Samadi isizidi: mmea unaokimbia kwa urefu una shina laini.

Nne, mimea ipandwe kwa kundi, siyo mmoja mmoja. Mirefu iwe karibu na ua, mifupi mbele. Vyungu vya maua vishushwe kutoka ukutani, vikusanywe chini pembeni mwa nyumba.

Dhoruba ikianza, mtu asitoke kuokoa ua. Radi inaua, na bati linaloruka haliulizi jina. Baada ya mvua ndipo twende kuona. Shina lililoinama tuliinue polepole, tukanyage udongo kidogo, tufunge. Lililovunjika tulikate chini ya jeraha kwa kisu safi. Mimea mingi itatoa vichipukizi vipya.

Kuna neno moja zaidi, na hili linatuhusu wote. Miti tunayokata kwa makala ndiyo iliyokuwa inapunguza upepo kabla haujafika kwetu. Mtaa usio na mti unapokea upepo mzima mzima, kwenye maua na kwenye paa la nyumba. Hatuwezi kumlaumu mama anayetafuta moto wa kupika. Sisi pia tunapika. Lakini kila nyumba ikipanda mwembe au mparachichi mbali kidogo na paa, watoto wetu watakuwa na kivuli, matunda na kinga.

Fanyeni kazi hii pamoja na watoto. Mtoto aliyefunga ua kwa mkono wake atakuwa wa kwanza kwenda kulitazama asubuhi, na hatalivuta kwa kucheza.

Kwenye mkutano ujao, kila mama alete kikonyo kimoja cha hibiskasi na kichaka kidogo cha mchaichai. Tugawane kabla mawingu hayajarudi.

Mubaki na amani.