Mkataba Ufunge Pande Zote

Kila mzazi aliyepata kusomesha mtoto ajua hasara ya mtihani uliovuja. Mwaka 2015 mitihani ya taifa nchini Kenya ilivuja kwa kiasi cha kuwavunja watu moyo, na mwezi Machi 2016 Serikali ya nchi hiyo ikaivunja bodi ya baraza la mitihani. Ubaya wa mtihani uliovuja si kwamba mvivu amepita tu, bali kwamba hata yule aliyekesha akisoma haaminiwi tena na cheti chake. Leo twataka kusema juu ya mtihani wa namna nyingine, ambao wananchi wengi hawajausikia, lakini matokeo yake yatawafikia kazini, hospitalini na hata mahakamani.

Mashine za akili mnemba, yaani zile zinazosikia maneno ya mtu na kuyaandika, zinazotafsiri na kujibu maswali, hupimwa kwa sauti au sentensi ambazo hazikupata kufunzwa, kisha majibu yake yakalinganishwa na majibu sahihi yaliyotayarishwa na watu. Sauti na sentensi hizo ndizo ziitwazo data za tathmini. Na kwa kuwa ni karatasi ya mtihani, mara nyingi hutolewa kwa mkataba. Mikataba ya namna hii kwa kawaida humtaka mpokeaji azitumie kwa kupimia tu, asiifunze mashine yake kwa hizo, asimpe mtu wa tatu, na kazi ikiisha azirudishe au azifute. Yako hata masharti ya kuzuia majivuno: katika mashindano ya TREC, yaliyoanzishwa mwaka 1992 na taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, mshiriki hukatazwa kuyatumia matokeo kutangazia biashara.

Masharti hayo twayaunga mkono bila kusitasita, maana Kiswahili kina mitihani michache, na mmoja ukiharibika hatuna akiba. Mwaka 2021 kampuni ya Facebook ilitoa mkusanyo uitwao FLORES-101, wenye sentensi 3,001 za Kiingereza zilizotafsiriwa katika lugha zipatazo mia moja, Kiswahili kikiwa mojawapo. Sentensi 992 zilifichwa ili zitumike kwa kupimia, na zilizobaki zikawekwa hadharani. Karatasi iliyobandikwa ukutani, mashine zinazokusanya kila kilichoandikwa duniani hazikawii kuimeza. Basi muuzaji atakapokuja na tarumbeta kutwambia kwamba mashine yake imepata alama tisini katika Kiswahili, tutajuaje kama alama hizo ni za kujua au za kukariri? Mkunga wa zahanati ya kijijini, anayeisomea mashine hiyo dalili za mama mjamzito, hana njia ya kupambanua. (Na tena sentensi zile chimbuko lake ni Kiingereza, mashine yaweza kuzifaulu zote pasipo kujua jinsi makuli wa bandarini wanavyosemezana.)

Kwa hiyo hatugombani na siri ya mtihani. Ugomvi wetu ni kwamba mikataba hii humlinda sana mwenye karatasi, ikamsahau aliyetoa wino.

Tutazame jambo lililotuhusu sisi wenyewe. Kati ya mwaka 2012 na 2014 zilikusanywa kiasi cha saa 200 za Kiswahili kilichosemwa kwenye simu, Kiswahili cha upande wa Nairobi, kwa ajili ya mpango ulioitwa Babel. Mpango huo ulikuwa wa IARPA, idara ya utafiti inayozitumikia ofisi za ujasusi za Marekani, na shabaha yake ilikuwa kutengeneza kwa haraka mashine ziwezazo kulitafuta neno ndani ya mazungumzo ya simu, katika lugha ambazo hazijakusanyiwa vitu vingi vya kufundishia. Mwaka 2015 NIST ikaendesha mtihani wa OpenKWS, na lugha ya kuwashtukiza washindani ikawa Kiswahili. Mwaka 2017 sauti zile zikaingizwa katika orodha ya hazina ya data za lugha iliyoko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako hupatikana kwa leseni.

Hatumtuhumu mtu wizi. Lakini tuutazame umbo la leseni za namna hii. Zina pande mbili: mwenye hazina na mpokeaji. Mmoja atoa, mwingine aahidi. Yule dada wa Nairobi aliyezungumza na ndugu yake juu ya nauli na bei ya unga si upande wowote. Mali ni ulimi wake, na ahadi zote hupewa mtu mwingine. Je, anajua kwamba sauti yake yaweza kupimia mashine ya kusikiliza simu za watu? Akibadili nia, abishe mlango upi?

Habari za Mangungo wa Msovero zimechoshwa na wahutubiaji, twajua. Hata hivyo hatuna budi kuzigusa. Mwaka 1884 Karl Peters alimwekea mbele karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, na mwezi Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya kuzilinda nchi zilizopatikana kwa karatasi za namna hiyo. Watoto wetu hufundishwa kumcheka Mangungo kwa kutia alama asichokielewa. Lakini Mangungo walau alikalishwa na kuonyeshwa karatasi. Mwenye sauti wa leo, mkataba unaoigawa sauti yake haonyeshwi kabisa.

Twataka nini? Twataka mtu anayeombwa sauti au maandishi apewe masharti kwa Kiswahili anachokielewa, na kazi itajwe kwa jina lake: kama ni ya polisi au ya ujasusi, isemwe hivyo, isifichwe chini ya neno "utafiti". Twataka kila mpokeaji afungwe asimtafute msemaji ni nani. Mradi wa Common Voice wa Mozilla huwataka wanaochukua sauti zake waahidi hivyo, basi hakuna atakayesema haiwezekani. Na twataka muda wa kutumia uwe na mwisho. Msingi wa kisheria haukosekani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019; zote zatia mipaka juu ya kuzipeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Wakubwa wanaoletewa mikataba wazisome sheria hizo kabla ya kushika kalamu.

Liko na jambo la wafanyakazi, ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Majibu sahihi ya mtihani hayashuki kutoka mbinguni. Yapo macho na vidole vya vijana wanaosoma, wanaosikiliza na kutoa alama. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama mjini Nairobi, waliosoma na kupanga maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kazi za jinsi hii hufungwa kwa sharti la kunyamaza. Kunyamaza juu ya maswali ya mtihani ni haki, nasi tungemlaumu atakayeyavujisha. Lakini kumnyamazisha mtu asitaje mshahara wake kwa chama cha wafanyakazi, wala asimweleze daktari kilichomnyima usingizi, huko si kulinda data. Masharti mawili hayo yatenganishwe, na la pili lifutwe.

Watatokea wa kusema kwamba tukidai mengi watafiti watatukimbia. Wamaori wa New Zealand ni wachache kuliko sisi mara nyingi. Mwaka 2018 shirika lao la utangazaji, Te Hiku Media, liliwaomba wenzao wasome sentensi kwa sauti, na katika siku kumi likapata saa zaidi ya 300. Wageni walipotaka kuinunua hazina hiyo waliambiwa hapana, na shirika likaandika leseni yake lenyewe, Kaitiakitanga, ambayo mwenye kushika data ni mlinzi wala si mmiliki, na faida sharti iwarudie Wamaori. Hawakukimbiwa.

Wala hatusemi tuvifungie vitu vyetu kabatini. Mwanafunzi wa Dodoma au wa Makerere anayejenga mashine yake kwa fedha ya kuungaunga apewe bure, tena kwa haraka. Tajiri wa ng'ambo aje na mkataba.

Vyuo vikuu vyetu na ofisi za Serikali vimekwisha kuletewa mikataba ya data za lugha, na vitaletewa mingine. Twaviomba viichapishe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kabla ya kutia sahihi, na BAKITA lisaidie pale maneno yatakapokuwa magumu. Ukurasa huu uko tayari kuipokea.